Alichomwambia Mwanasesere

Redioni waliitangaza kuwa tamthilia mpya ya historia na mizimu ya milimani, nasi wapumbavu tukabeba viti. Jumapili baada ya misa, mkahawa wa Wivine wenye televisheni, hapa Bwera, ulijaa hadi mlangoni, kwa sababu mama yangu alikuwa anatokea katika sehemu ya kwanza. Alivaa gomesi mpya, akakaa mbele kabisa, kando ya Chérie, mkwe wa Wivine. Chérie alikuwa na mimba ya miezi minane, na mama ndiye angemzalisha, kama alivyomzalisha wavulana wake watatu wa kwanza.

Mama ni mkunga kule Karambi tangu sijazaliwa. Yule Ssali, mwongozaji kutoka Kampala, alimwomba aonyeshe tu jinsi Wakonzo wa zamani walivyompokea mtoto. Mama akaosha mwanasesere kwa maji ya majani, akamwinua, akamwambia kwa Lhukonzo, "Wewe ni mvulana wa nne, jina lako Kakule, karibu nyumbani." Kwetu jina halichaguliwi. Zamu ya kuzaliwa ndiyo inayokupa.

Basi akatokea. Walikuwa wamemtia macho mekundu kwa kompyuta, moshi kila mahali, ngoma zinanguruma. Sauti ilikuwa yake na maneno yaleyale, na kila mtu mle ndani aliyaelewa, hata Chérie, maana Wanande wenzake wa Butembo, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, na sisi tunasikilizana vizuri. Lakini chini ya picha yakaandikwa kwa Kiswahili: "Nipeni damu ya mtoto huyu, mlima una njaa."

Na watu wangu wakayaamini maandishi! Hapo ndipo damu iliponichemka. Ssali ni mgeni, hajui kitu. Lakini hawa je, wenye masikio yao? Bwambale, ambaye mama alimpokea kwa mikono yake, akatazama sakafu. Chérie akasogeza kiti, mkono juu ya tumbo.

"Kezironi, mbona ananiogopa?" mama akaniuliza. Hajui kusoma. Ilibidi nimsomee mimi.

Nilimpigia Ssali simu palepale.

"Ssebo, bwana, hiyo ni drama tu," alisema. "Watu inapenda kuogopa."

Nilimtukana mpaka akakata.

Wiki nne hakuna mjamzito aliyekanyaga kwetu. Chérie walimpeleka kujifungulia Kasese mjini. Kisha Wivine akaja, akasimama nje ya geti.

"Mutoto iko muzuri, mama. Ni mwanaume."

"Mvulana wa nne," mama alisema. "Mmemwita nani?"

Wivine alishangaa. "Tutamuita nani ingine? Kakule."

"Ndilo hilo tu nililomwambia yule mwanasesere," mama akasema. "Na wewe ulinisikia."

Geti lilikuwa wazi, lakini hakuingia.