Beti za Darajani

Saa nne asubuhi, tarehe tatu Machi 1974, mtu mwenye tundu la risasi kifuani alisimama uani kwa Ndokë Vuksani, katika milima ya kaskazini mwa Albania, akaita, "Ee mwenye nyumba! Unapokea wageni?"

"Mkate, chumvi na moyo wetu ni vyako," Ndokë alijibu.

Mkewe, Dila, alitandika ngozi ya kondoo karibu na moto, na kitambaa cha kukinga damu. Mgeni hakuulizwa jina mpaka alipomaliza kahawa.

Alikuwa Marash. Aliuawa darajani mwaka 1880, mataifa makubwa yalipowagawia Wamontenegro malisho ya kabila lake bila kuwauliza wenyewe. Utenzi wa mapigano hayo ulimtaja. Lakini serikali ya kikomunisti ilikuwa imeupiga marufuku tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, na asiyetajwa, alisema, hapati usingizi. Aliomba aimbiwe.

"Utafungwa," Dila alimwambia mumewe.

"Mgeni ameomba."

Lulash, msimamizi wa shamba la ushirika, aliingia kuazima shoka, akaketi. Ndiye aliyemnyoa mtoto wao nywele za kwanza, na kwa mila ya huko huo ni undugu. Akamega mkate. Ndokë aliteremsha zeze la uzi mmoja ukutani, akaimba. Kabla ya kufika beti za darajani akakwama.

Lulash alicheka. "Ndokë, hata mbuzi wako wana kumbukumbu nzuri kuliko wewe!"

Jioni polisi walimchukua Ndokë. Aliyewaita ni Lulash.

Mahakamani hakimu alitaka kujua ni beti zipi hasa. Lulash alisimama akazikariri zote, kuanzia mpakani hadi darajani, bila kukosea. Marash alikuwa amekuja na wenzake waliokufa siku ile darajani. Askari wa mlangoni akawaongezea benchi. Jina la Marash lilipotajwa, jeraha lake lilifunga. Wafu walivua kofia, wakampa Lulash mkono, mmoja baada ya mwingine.

"Umekula mkate wetu, Lulash," Dila alisema. "Umemnyoa mwanangu!"

"Nimeulizwa, shemeji. Nimejibu."

Marash alimwinamia Ndokë. "Nyumba yako ilinipokea vizuri," alisema. "Ila huyu anazijua zote."

Hakimu aliagiza iandikwe kwamba shahidi alikariri kwa idhini ya mahakama. Wafu walitoka kwa mlango mkuu. Ndokë alihukumiwa miaka minane, akapakiwa kwenye lori la kwenda machimboni.