Soksi Namba Sitini

Fundi wa viti alikuwa na mambo mawili ya kujivunia. La kwanza, katika miaka ishirini na miwili ya kazi hajawahi kuharibu mkono wa kiti. La pili, hajawahi kukosana na mama mkwe wake. La kwanza lilitokana na ufundi. La pili lilitokana na umbali, maana mama mkwe aliishi mwendo wa siku nzima kwa basi.

Sasa mama mkwe alikuwa hapa. Alikuja kwa siku nne tu, achukue kiti cha kubembea alichoahidiwa, arudi kwake. Siku nne ziliingia wiki ya tatu, kwa sababu kiti kilikuwa bado, na mgeni alishasema haondoki mikono mitupu. Alikuwa amepanga upya jiko zima, hata mwenye jiko, yaani binti yake, akawa anaulizia chumvi iko wapi. Kila asubuhi, akishaamkiwa, alimkagua mkwewe kuanzia kola mpaka viatu, akauliza kama shati hilo ndilo alilolala nalo. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, lakini macho yake hayajastaafu. Fundi alivumilia, moyoni akihesabu siku.

Kazi iliyobaki ilikuwa kupiga msasa mikono ya kiti. Ilipinda kama kiwiko cha mtu, na ukiisugua kwa msasa uliokunjwa kwenye kibao unaacha bapa hapa na bapa pale. Kwa hiyo fundi alifunga kwenye drili mpira wenye umbo la kopo, ule unaojazwa upepo kwa pampu ya baiskeli. Juu ya mpira unavalishwa msasa ulioungwa kama bomba fupi. Wenyewe mafundi wanauita soksi. Upepo ukiwa wa kadiri, mpira unabonyea na soksi inafuata mzingo wa mbao. Kisha kuna namba. Sitini ni kali, inakula mbao. Mia mbili na arobaini inabembeleza.

Mama mkwe aliomba waende wote dukani, na fundi hakupata sababu ya kukataa. Kule aliingiza mkono ndani ya kila soksi, akaigeuza, akavuta maungio, akamuuliza mwenye duka kama zinarudi zikifuliwa. Wateja watatu walikuwa wanasubiri nyuma yao. Fundi aliangalia dari. Alinunua themanini, mia na ishirini, mia mbili na arobaini, na sitini moja ya akiba, akatoka mbio.

Walipofika karakana akavalisha ya kwanza. Mama mkwe alisogea, akainama.

"Mwanangu, umeivalisha kinyume. Hapa imepandiana. Ikizunguka hivyo itafumuka."

Fundi alikuwa na jibu, na lingemmalizia jambo la pili la kujivunia. Akachungulia ndani ya soksi. Kulikuwa na mshale, na ulielekea upande mwingine. Aliigeuza, akashukuru shingo upande.

Hasira ilimsaidia kazi. Kwa siku mbili alipanda kutoka themanini hadi mia mbili na arobaini, na Ijumaa mchana alifumba macho akapitisha kiganja juu ya mikono yote miwili. Hakuna kilichokwaruza. Bado vanishi tu, na Jumapili kuna basi. Alikwenda kuinunua huku anapiga mluzi.

Aliporudi alisikia drili inaunguruma. Ndani, mama mkwe alikuwa amevaa aproni ya mkwewe na miwani yake ya kazi, amegandamiza soksi namba sitini juu ya mkono wa kulia wa kiti. Fundi alichomoa waya ukutani. Kwenye mbao kulikuwa na bonde la upana wa vidole vitatu.

Masikio yalimwaka. Miaka ishirini na miwili! Akafungua mdomo. Mama mkwe alivua miwani, nyusi zimejaa vumbi.

"Kule kwangu kuna viti sita," alisema. "Tangu baba yenu afariki, kazi yangu ni kuvifuta vumbi. Hakuna anayevikalia."

Fundi akafunga mdomo. Alimhurumia, na ikamuudhi kwamba anamhurumia, maana hasira yake ilikuwa ya haki kabisa na alitaka kuitumia.

Wakati huo mkewe aliingia kusema amemwekea mama nafasi kwenye basi la Jumapili. Akaliona bonde, akauliza ni kazi ya nani. Mama mkwe aliangalia sakafu.

"Yangu," fundi alisema. "Nimevalisha sitini badala ya mia mbili na arobaini."

"Wewe?"

"Mkono uliteleza."

Ilimuuma kulitamka. Mkewe alitazama aproni, akamtazama aliyeivaa, akaamua kutouliza zaidi. Akataka tu kujua kuchonga mkono mwingine kutachukua muda gani.

Ilikuwa kazi ya siku tatu, nne ukienda polepole.

"Mwezi," fundi alisema.

"Miwili," alisema mama mkwe, bado anaangalia sakafu. "Na huo wa kushoto sijauridhia."