Bolti Nne za Usukani

Bolti ya kwanza ilituchukua siku mbili. Nilikuwa nimelala chali juu ya kipande cha boksi chini ya gari la shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, naye amechuchumaa karibu na tairi la mbele ameshika taa. Gari lilikuwa limekaa miaka ishirini na moja katika banda la mabati nyuma ya nyumba yao, limefunikwa turubai, na kuku walikuwa wameshalifanya la kwao. Ni gari dogo la milango minne, la enzi zile ambazo gari lilikuwa chuma kitupu. Sasa shemeji amestaafu na alitaka kulifufua.

Sanduku la usukani limefungwa kwenye chasisi kwa bolti nne, mbili juu na mbili chini, na zote zilikuwa zimeshikwa na kutu hadi zimekuwa kitu kimoja na chasisi. Shemeji alitaka tuvalishe spana bomba refu tuninginie. Nikamkatalia. Bolti ya namna hiyo unaisugua kwa brashi ya waya, unaimwagia mafuta, unaiacha ilale nayo. Kesho yake unaigonga kichwani, kidogo kidogo, kutu ipasuke ndani. Unaipasha moto, unaigusisha mshumaa ili nta inyonywe kwenye uzi wake. Halafu kabla ya kuifungua unaikaza kwanza, unywele mmoja tu, ndipo unairudisha. Shemeji akasema naibembeleza bolti kuliko nilivyowahi kumbembeleza mke wangu. Nikamjibu kwamba mke wangu hajawahi kushika kutu.

Tulicheka, lakini kazi ile haikuwa ya mchezo kwake. Miaka ishirini na moja iliyopita, wakitoka safari, gari hilo liliacha barabara kwenye kona na kutumbukia mtaroni. Yeye alitoka na michubuko. Mdogo wangu, aliyekuwa amelala kiti cha mbele, alivunjika goti, na mpaka leo mguu wake wa kushoto haukunjiki. Tangu siku hiyo hajapanda gari linaloendeshwa na mumewe. Shemeji alisema wodini kwamba alikata kushoto, gari likakataa. Hakuna aliyemwamini. Ukoo ulikaa kikao, akahojiwa kama mtoto, na baada ya maswali mengi akainamisha kichwa akasema labda alisinzia. Kuanzia hapo nyumbani kwetu akaitwa Usingizi, kwa utani, hata mbele ya wanawe.

Alichotaka sasa ni kimoja, na aliniambia waziwazi tulipovua turubai: gari hili hili litembee vizuri, na mke wake akae kiti kile kile, amwendeshe polepole hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Huenda akamwamini tena.

Bolti ya pili haikuhitaji moto wala nta. Shemeji alikuwa ameenda dukani kununua mafuta ya taa. Niliweka spana, nikaigusa tu, na kichwa cha bolti kikaniangukia kifuani. Nyuma yake palikuwa na utando wa kijivu, mgumu kama ukoko. Ilikuwa gundi ya chuma, na niliitambua, kwa sababu niliipaka mimi.

Miezi minane kabla ya ajali nilikuwa nikikaza usukani wa gari lile. Ilikuwa Jumamosi, shemeji alilihitaji jioni, nami nikafanya lile ninalowakataza wenzangu: nikavalisha spana bomba. Kichwa kikakatika. Kutoboa kisiki kilichobaki kungekula nusu siku, na ningelazimika kumwambia shemeji kwamba nimevunja bolti, mimi niliyekuwa nikiwacheka mafundi wenye mikono mizito. Nikakibandika kichwa kwa gundi, nikapaka rangi nyeusi. Nilijiambia tatu zinatosha, na wiki ijayo nitarudi. Wiki ikapita, ikaja nyingine.

Hilo la gundi si kubwa kuliko lililofuata. Baada ya ajali ukoo ulinituma mimi kulikagua gari, kwa kuwa ndimi fundi wa nyumba. Nilimulika tochi, nikahesabu vichwa vinne vya bolti, nikazima tochi. Sikuweka spana hata kwenye kimoja. Kisha nikaenda kikaoni nikasema usukani ni mzima.

Pale chini ya gari nikaweka spana kwenye bolti ya tatu, iliyo jirani na ile ya gundi. Ikazunguka bila ubishi, ikatoka nusu yake tu, nusu nyingine ikabaki ndani. Nilipoimulika nikaona mahali ilipokatikia pamekuwa kahawia tupu, kutu hadi katikati. Chuma kilichokatika leo hung'aa. Hiki kilikatika zamani. Kilikuwa kimebeba mzigo wake na wa jirani yake, mpaka siku ile kwenye kona kikashindwa, sanduku likanyanyuka upande mmoja, na magurudumu hayakusikia tena usukani. Alikata kushoto, gari likakataa.

Nilikuwa na muda. Naijua kazi yangu. Ningetoboa visiki vyote viwili, ningefunga bolti mpya, na gari lingetembea. Mdogo wangu labda angepanda. Shemeji angekufa akiamini alisinzia, na mimi ningezikwa fundi. Niliviweka vile vipande mfukoni mwa ovaroli, na nikiri kwamba nilivikalia kimya mpaka niliposikia ndala zake kwenye kokoto.

Akauliza kama imetoka. Kutoka pale chini nilichokiona ni ndala zake tu, na nadhani ndiyo maana niliweza. Nikamweleza yote, kuanzia Jumamosi ile hadi kikao. Zile ndala hazikusogea. Nilipomaliza, kopo la mafuta ya taa likawekwa chini taratibu.

"Usiniambie mimi, shemeji," alisema. "Mimi nilikuwemo. Kamwambie mdogo wako."

Mdogo wangu alikuwa jikoni, juu ya kile kiti kirefu anachokalia kwa sababu ya goti, akimenya vitunguu. Nikatandika gazeti mezani, nikapanga vile vipande viwili vya bolti, nikasema. Kisu kilisimama katikati ya kitunguu. Alichukua kile chenye kutu, akapitisha kidole pale kilipokatikia.

"Siku ile ulipokuja kuniona wodini, ulikuwa unajua?"

"Nilijua moja imekatika. Sikutaka kujua zaidi ya hapo."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia.

"Nimemwamsha huyu miaka ishirini na moja, kaka," alisema. "Kwenye basi, kanisani, mezani. Hata akiwa macho namgusa bega namwuliza, umelala?"

Kisha akanisukumia simu yake. Wale waliokaa kikaoni walikuwa wamebaki watatu. Akataka niwapigie pale pale, mmoja mmoja, naye asikie. Wa mwisho alikuwa mjomba wetu, ambaye masikio yake yamechoka, na ilinibidi nirudie kwa sauti mara tatu kwamba Usingizi hakusinzia, mwongo ni mimi. Mara ya tatu jirani alichungulia dirishani.

Nilipotoka nje nilifikiri nitarudi chini ya gari. Shemeji alikuwa ameshazikusanya spana zangu, amezipanga kwenye mfuko kwa namba zake, kama ninavyopenda. Akaniambia kwa upole kwamba bolti zilizobaki atazitoa fundi mwingine. Sikubishana. Alinibebea mfuko hadi getini, akanipa mkono, akarudi ndani.

Fundi aliyemwita ni yule wa gereji ya barabara kuu, ambaye mimi ndiye niliyembandika jina la Nyundo, kwa sababu nilikuwa nikisema hana chombo kingine. Ijumaa akanipigia simu. Kisiki cha bolti ya pili kimemshinda. Kimekatika sawasawa na chasisi, hakuna pa kushika. Nyuma ya sauti yake nilimsikia shemeji akiuliza amulike upande gani, na mdogo wangu akimjibu kwamba ashushe taa kidogo.

Nikamwelekeza Nyundo: apige alama katikati kabisa, aanze na biti nyembamba ya drili, asitumie nguvu, akifika nusu apashe moto na nta. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akasema gari hili lina ajabu, kuna mtu alibandika kichwa kwa gundi. Akauliza kama namjua fundi aliyefanya hivyo.

"Ni mimi," nikamwambia.

Nilimsubiri acheke. Akauliza aanze na biti ya milimita tatu au nne, nikamjibu tatu, na nikasikia drili ikianza kunguruma.