Ndoo Isiyotulia

"Mimi ndoo yako sijaigusa."

"Basi imejitikisa yenyewe. Imeamka, imenyoosha viungo, imecheza kidogo, ikarudi kukaa."

"Iulize."

"Nimuulize nani?"

"Hiyo ndoo. Si unasema ina miguu?"

"Usinichezee akili, mama watoto. Hii ni mara ya tatu."

"Na mara zote tatu umekuja kwangu. Kwa nini mimi? Kwa sababu nashika fagio?"

"Ndiyo. Kwa sababu unashika fagio, na pale kwenye ndoo ndipo unapofagia."

Kaka mtu alikuwa amekaa kwenye kibao chake karibu na dirisha, anasikia kila neno, na mkono wake wa kulia ameukalia. Aliukalia kweli, kiganja chini ya paja, kama mtu aliyebana kuku asimkimbie. Hakuinua macho. Akajifanya anatazama mitungi sita iliyopangwa kwenye rafu.

Waliokuwa wanagombana ni mdogo wake na mke wa mdogo wake. Mdogo mtu wanamwita Mapengo, kwa sababu ya meno mawili ya mbele aliyoyaacha kwenye mlango wa tanuri siku alipoteleza. Yeye ndiye wa gurudumu na moto. Mkewe ndiye anayesugua vyombo mpaka ving'ae. Na kaka mtu ni Brashi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake wa mtaa mzima, kwa sababu akipaka mtungi huoni brashi ilianzia wapi wala iliishia wapi.

Ndoo waliyokuwa wanaigombania haina kitu cha ajabu. Unachukua udongo mwekundu, unauvuruga kwenye maji mengi, unatia magadi kidogo, unaiweka ndoo chini, unaondoka. Kazi yote ndiyo hiyo, kuondoka. Siku moja na nusu usiiguse, usiipige teke, usiburute hata kiti karibu yake. Mchanga na tope zito vinazama, maji yanabaki juu, na hapo katikati unaelea udongo laini kushinda poda ya mtoto. Wenyewe waliuita maziwa. Maziwa hayo unayavuta kwa mpira, unayapaka kwenye mtungi uliokauka lakini haujachomwa, tabaka jembamba kama pumzi, halafu kabla hayajakauka kabisa unasugua kwa kitambaa, na mtungi unang'aa kama umepakwa mafuta. Rangi ya dukani haina nafasi hapo. Ila ndoo ikitikiswa, tope linapanda, vyote vinachanganyika, unarudi mwanzo.

Na mwanzo walikuwa wamesharudi mara tatu.

"Leo Jumatatu," Mapengo akasema, anahesabu kwa vidole mbele ya uso wa mkewe. "Ijumaa ndiyo zamu yetu ya tanuri. Tukiikosa, karakana nne zinatangulia, sisi mpaka mwezi ujao. Na yule mama wa maktaba anafungua maktaba yake Jumamosi ya wiki ijayo. Mitungi sita mlangoni. Kasema anataka mkono wa Brashi. Hakusema mkono wangu, hakusema wako."

"Nimesikia hilo mara mia."

"Sasa utasikia ya mia na moja."

"Shemeji, wewe huna neno?" mwanamke akamgeukia Brashi. "Unaniona naangushiwa jumba bovu hapa, unatazama rafu tu?"

"Labda ni paka," Brashi akasema.

"Paka," Mapengo akasema. "Paka ameingiza mguu mpaka chini kabisa akakoroga. Paka huyo aje aajiriwe."

Hakukuwa na paka. Alikuwa ni Brashi mwenyewe.

Mkono ulianza miezi minne nyuma. Asubuhi moja anafunga kifungo cha shati, kidole kikawa kinatetemeka peke yake, kama simu iliyowekwa isilie. Akacheka. Baada ya wiki, ufunguo ukawa unagonga gonga kitasa kabla ya kuingia. Hapo hakucheka. Akaanza kunywa chai mwenyewe, akaanza kuweka mkono mfukoni, akaanza kusema amechoka. Hospitali hakwenda. Akienda wataupa jina, na ukishapewa jina utakuwa wake. Na mtu anayeitwa Brashi, ukimtoa brashi, anabaki nini? Mwanamume mzima anayekaa karakanani kuzuia mlango usijifunge.

Mara ya kwanza haikuwa kusudi. Alikuwa anafunua kifuniko achungulie, mkono ukaruka, kifuniko kikatumbukia, maziwa yakachafuka. Akasimama pale akisubiri moyo umuume. Haukumuuma. Alichosikia ni nafuu, kifua kimefunguka, kwa sababu siku hiyo asingepaka. Mara ya pili alisubiri wenzake watoke kwenda kula mchana, akachukua kijiti. Mara ya tatu hata hakuangalia mlango.

Hakufikiria kwamba lawama ingetafuta mtu wa kukaa naye. Sasa ilikuwa imempata. Mapengo alishaisambaza mtaa mzima kwamba mkewe amechoka na ufinyanzi, kwamba anamharibia ili naye aache. Jana fundi wa karakana ya jirani, mzee wa watu, alikuja kumketisha mwanamke yule na kumwambia amwonee huruma mume wake. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaenda kulala chumba cha watoto.

"Dawa yake ninayo," Mapengo akasema. Akatoka, akarudi na dumu kubwa jeupe linaloonyesha ndani. Akauvuruga udongo upya humo, akatia magadi, akalibeba kama mtoto mchanga mpaka stoo. Akafunga kufuli. Ufunguo akautia kwenye kamba ya kiatu, kamba akaivaa shingoni.

"Na mimi nivae kengele," mkewe akasema, "ili ujue nilipo."

Brashi akatazama ule ufunguo ukining'inia kwenye kifua cha mdogo wake, jasho likamshuka mgongoni.

Jumanne ilikwenda kwa kujikokota. Brashi alizunguka karakana akipanga vilivyopangwa. Alipita mbele ya stoo, akapita tena. Alijaribu mkono chini ya meza, akichora duara kwenye vumbi kwa kidole. Duara lilitoka kama limechorwa na mtu aliye juu ya punda. Akalifuta. Akachora lingine. Akalifuta. Mchana shemeji yake akamletea chai, kikombe nusu kama kawaida ya siku hizi, akakiweka karibu na mkono wa kushoto, akaondoka.

Jumatano asubuhi Mapengo akafungua kufuli.

Dumu lilikuwa limetulia. Maji juu, tope chini, na katikati wekundu mmoja mzito usio na hata punje, umekaa kimya kama jicho lililofumba. Brashi alikuwa na miaka ishirini katika kazi hii na hakuwahi kuona maziwa mazuri namna ile. Kwa sekunde moja alisahau hofu. Halafu Mapengo akamnyooshea mpira.

"Vuta, kaka. Mkono wako."

"Vuta wewe."

"Mimi nitafika kwenye tope. Tangu lini navuta mimi?"

Alivuta. Alipiga magoti, akabana kiwiko kwenye mbavu, akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na ncha ya mpira ikateremka ikicheza cheza lakini haikugusa chini. Maziwa yakajaza beseni. Mapengo akapiga mluzi kupitia pengo lake.

"Sasa tupake."

Mtungi wa kwanza ukawekwa juu ya gurudumu. Mapengo akauzungusha polepole kwa kiganja. Brashi akachovya, akashusha pumzi, akagusa. Mguso wa kwanza tu alijua. Brashi ilikuwa inagonga ukuta wa mtungi, inaachia, inagonga, inaachia. Akaendelea mpaka mdomoni kwa sababu kusimama ni kukiri. Mtungi ukanyonya unyevu, shemeji akaupokea akaanza kusugua, na badala ya kung'aa sawasawa ukatoa mistari mistari, mawimbi madogo madogo kuanzia tumboni mpaka shingoni.

Mapengo akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Maziwa mazito, au?"

"Labda," Brashi akasema. "Tia maji kidogo."

Wakatia maji. Mtungi wa pili ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Mitungi sita tu, hakuna wa saba, na miwili imeshaliwa.

Mapengo akaupapasa ule wa pili, akatazama kidole chake, akamgeukia mkewe. "Hicho kitambaa umekifulia wapi?"

"Kwenye maji."

"Kina mchanga. Ndiyo maana kinachora. Kila kitu unachogusa wewe wiki hii—"

"Si kitambaa," Brashi akasema.

"Kaka, acha nimwambie."

"Si kitambaa, bwana mdogo. Tazama."

Akaunyoosha mkono mbele yao, kiganja chini, hewani. Mkono ukatetemeka mbele ya macho yao watatu kana kwamba ulikuwa unasubiri ruhusa.

Mapengo akauangalia, akakaa juu ya ndoo tupu. "Toka lini?"

"Mwezi wa nne huu."

"Umekwenda hospitali?"

"Sijakwenda."

"Umejikalia tu nao, kama yai."

"Mimi nilijua," shemeji akasema. Akaweka kitambaa magotini. "Kikombe chako nakijazia nusu tangu lini? Ulifikiri majani yameisha?"

Brashi akamtazama. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hutaki kusemwa. Mtu hasemwi kwa nguvu." Akanyanyuka, akaosha mikono, akaifuta mpaka ikakauka, maana kidole chenye mafuta kikigusa mtungi kinaacha alama. "Haya. Nipe hiyo brashi. Wewe simama hapa nyuma yangu, uniambie. Kichwa chako hakitetemeki, au nacho?"

Mapengo akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Ishike mbali na manyoya," Brashi akasema. "Usiisukume. Mtungi ndio uje kwako. Usirudi nyuma. Ukikosea, endelea mbele tu, utafunika mzunguko wa pili."

Mtungi wa tatu ukazunguka. Brashi alikuwa anapumua kwa mwendo wa mwanamke yule, akivuta naye, akishusha naye. Utepe mwekundu ukapanda mwembamba, umelala, hauna wimbi. Ukafika mdomoni. Walisubiri maji yafifie, akasugua, na mtungi ukang'aa mpaka dirisha likaonekana ndani yake.

"Sasa wewe ni nani?" Mapengo akasema. "Mke wangu yuko wapi?"

"Amevaa kengele, yuko stoo."

Wakacheka wote. Hata Brashi. Kifua kilikuwa kimemfunguka tena, safari hii kweli. Mkono umeonekana na dunia haijapasuka. Minne itapona, ile miwili wataifuta kwa sifongo, wataiacha ikauke, wataipaka upya. Ijumaa wangewahi.

Mapengo akaweka mtungi wa nne juu ya gurudumu. "Hodari hivi, halafu ndoo ulikuwa unaitikisa ya nini?" Alisema kwa utani, anatabasamu. "Ningejua unataka brashi ningekupa mapema."

Tabasamu la mwanamke likapungua. "Bado unaamini ni mimi?"

"Basi yaishe. Nimekusamehe, tuendelee."

"Umenisamehe nini?"

Brashi angeweza kunyamaza. Lilikuwa limebaki jambo moja tu, dogo, linajiendea zake. Mume angesahau, mke angemeza, mitungi ingechomwa. Akautazama mgongo wa shemeji yake ulivyokakamaa, na ulimi ukatangulia.

"Ni mimi. Ndoo. Nilikuwa sitaki kupaka."

Gurudumu likasimama.

"Mara zote tatu?" shemeji akauliza. Hakugeuka.

"Ya kwanza iliniponyoka. Hizo mbili, kwa kijiti."

"Kaka," Mapengo akasema.

"Jumatatu ulikuwa umekaa pale dirishani," shemeji akasema. "Nikakuuliza huna neno. Ukasema paka."

"Nilisema."

"Na yule mzee alipokuja kunikalisha?"

"Nilikuwa nyuma ya rafu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akailaza brashi juu ya ukingo wa beseni ili manyoya yasipinde. Akafuta vidole, kimoja baada ya kingine, akavua aproni na kuikunja mara mbili.

"Mama watoto, huu wa nne haujaguswa," Mapengo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na sisi wawili hatuna mkono. Nakuomba."

"Umenichafua mtaa mzima. Kaniombe radhi huko kwanza."

"Shemeji," Brashi akasema.

Hapo ndipo alipogeuka, akamtazama, si kwa hasira. Alimtazama jinsi anavyotazama mtungi akitafuta ufa.

"Mkono ningekufichia mpaka mwisho," akasema.

Akaiweka aproni juu ya kibao, karibu na dirisha, akawapa mgongo, akatoka.