Ndama Waliosubiri Kifungu cha Tisa

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, saa nne ya asubuhi, Godelive alikuwa amepiga magoti nyuma ya ng'ombe wa Eugène, kule Mudzipela, mtaa wa Bunia, mkono wake wa kuume umezama ndani mpaka karibu na kwapa. Ndama alikuwa amelala vizuri: miguu ya mbele imetangulia, pua juu ya magoti. Aliukuta mkono wa Godelive, akaanza kunyonya vidole. Chupa ya maji ilikwisha kupasuka. Zilibaki dakika kumi, labda kumi na tano.

Redio ya Eugène ilikuwa imetundikwa kwenye ua, ikitangaza mjadala wa bunge kule Kinshasa kuhusu mswada wa sheria ya uganga wa mifugo. Mbunge mmoja mwenye mafua alisoma kifungu cha tisa kwa Kifaransa: mtu yeyote ambaye jina lake halimo katika orodha ya waganga waliotambuliwa asimtibu mnyama, asimchanje, wala asimzalishe. Ndama akaacha kunyonya. Akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akarudi nyuma polepole kama mtu aliyefungua mlango wa ofisi isiyo yake. Ng'ombe akaacha kusukuma, akasimama, akaanza kula majani.

Godelive akatoa mkono.

"Amerudi," akasema.

"Amerudi wapi?" Eugène akauliza.

"Ndani. Iko muzima. Amesikia radio."

Eugène aliitazama redio, kisha akautazama mkia wa ng'ombe. "Sasa tunafanya namna gani?"

"Tungoje bamalize kusema."

Hawakumaliza siku hiyo, wala wiki hiyo. Baadhi ya wabunge walitaka kifungu kiseme "daktari", wengine "mganga", na mmoja akauliza kama kuku ni mnyama kwa maana ya kifungu hicho. Swali lilipelekwa kwenye kamati. Mwisho wa mwezi hakukuwa na ng'ombe aliyezaa, si Mudzipela, si Nyakasanza, wala kwenye njia yote ya Kilo. Mimba zilifika mwezi wa kumi, zikaingia wa kumi na moja. Wenye ng'ombe waliweka sikio ubavuni asubuhi na jioni, wakasikia ndama wakigeuka, na mara nyingine wakikohoa.

Godelive alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kazi hii alijifunza katika mradi mmoja wa chanjo uliodumu miaka miwili, kisha wenye mradi wakafunga, wakaenda zao, wakamwachia bomba la sindano na cheti chenye picha ya kondoo. Tangu hapo, miaka ishirini na mitatu, watu walimwita docteur, na yeye aliacha zamani kuwasahihisha. Siku hizi walipokutana naye njiani hawakujua wamwite nani. Wengine walimwita Mama Docteur kwa sauti ya chini. Wengine walimsalimu bila jina.

Kahindo, mke wa Eugène, ndiye aliyesema kwanza juu ya maziwa. Walikuwa wamekuja kutoka upande wa Butembo na watoto wanne, na ng'ombe yule ndiye kitu cha kwanza walichonunua Bunia kilichoweza kutembea chenyewe. Kahindo alizoea kuuza maziwa sokoni Nyakasanza. Sasa bidon zake za maziwa zilikauka juani zimepinduliwa.

"Docteur," akamwambia Godelive, "weye unajua ile sheria inasema nini kabisa?"

"Sijue. Miye nimesikia mara tatu, na kila mara nimesikia tofauti."

"Na mutoto, yeye amesikia nini?"

"Yeye inaonekana ameelewa."

Mwezi wa tano, wabunge wakiwa mapumzikoni, mmoja wao, mheshimiwa Zacharie, alikuja Bunia kuwaeleza wafugaji. Walikutana katika ukumbi wa parokia, watu kama mia mbili, na ng'ombe wachache walioletwa kwa sababu hawakuweza kuachwa peke yao. Zacharie alivaa suti ya rangi ya kahawa na alikuwa na faili nene. Alisema sheria ni nzuri, kwamba iko ya kulinda watu dhidi ya waganga wa uongo.

Godelive alisimama. "Honorable, kwa hiyo liste, kwa Ituri iko nani?"

Zacharie alifungua faili. Alipekua mbele, akapekua nyuma, akavua miwani akaifuta. "Iko mumoja," akasema. "Docteur Hubert."

"Anaishi wapi?"

"Kinshasa."

Ng'ombe mmoja mlangoni alipumua kwa nguvu.

"Basi siye hapa tunafanya namna gani?" Eugène akauliza.

"Ile ni kichwa ingine," Zacharie akasema. "Mambo ya vijiji iko kwa chapitre ya cinq, sura ya tano. Chapitre ya cinq tumeisogeza kwa session inayokuja. Hii tunasema sasa ni ya kazi tu."

"Kazi ya nani?" Kahindo akauliza kutoka nyuma.

Zacharie alisoma tena ukurasa ule, midomo ikitembea. Mwishowe aliandika namba ya simu ya Docteur Hubert kwenye kipande cha karatasi, akampa Godelive kwa mikono miwili.

Docteur Hubert alikuwa mtu mwema. Alizaliwa Bunia, akaondoka akiwa kijana kwenda kusoma, na sasa kazi yake ilikuwa kukagua karatasi za kuku wa barafu wanaoingia kwa meli. Godelive alipompigia simu na kumweleza habari ya ndama, hakushangaa. Aliona haya tu.

"Mama, niseme kweli," akasema. "Ngombe ya mwisho niligusa ilikuwa ya examen, kule masomoni."

"Haugusi, Docteur. Sema tu jina na numéro yako. Miye naweka telefone hapa kwa tumbo."

Godelive aliweka simu kwenye ubavu wa ng'ombe wa Eugène, spika imefunguliwa. Docteur Hubert akakohoa, akataja jina lake lote, akataja mwaka wa diploma na numéro yake ya orodha, quatre cent dix-huit. Ndani ya ng'ombe kitu kiligeuka. Godelive alisukuma mkono, akazikuta kwato mbili zimekwisha kufika, akafunga kamba, akavuta pamoja na pumzi za mama. Ndama akatoka, mkubwa kuliko ndama yeyote Godelive aliyewahi kumvuta, na meno yote ya mbele. Alisimama papo hapo. Kahindo alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kuosha bidon.

"Imetoka?" Docteur Hubert akauliza.

"Imetoka, Docteur. Dume."

"Aksanti Mungu. Nimefanya vizuri?"

Alikuwa na furaha, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomwasha kama chumvi kwenye mchubuko. "Umefanya vizuri," akasema.

Kuanzia hapo walipanga siku mbili, Jumanne na Ijumaa, wakati docteur anapokula chakula cha mchana. Huduma ya mifugo ya serikali ilileta fomu za kuzaliwa, na kwenye mstari wa mganga liliandikwa jina la Hubert. Ndama tisa walitoka wiki ya kwanza, kumi na wanne wiki ya pili. Maziwa yakarudi sokoni. Watu waliizoea simu kama walivyozoea kamba.

Kisha Jumatano moja asubuhi moto, yaani pikipiki, ilitoka upande wa Kilo na ujumbe wa Néhémie. Néhémie alichimba dhahabu siku nne za wiki na kulima mbili, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe alikuwa amefika mwezi wa kumi na tatu na amelala chini, haamki. Godelive alipanda moto ile ile.

Kule bondeni hapakuwa na réseau, mtandao wa simu. Waliifunga simu kwenye mti mrefu wa mwanzi wakainyanyua, hakuna. Néhémie akapanda kilima mbio na simu, akampata Docteur Hubert katikati ya mkutano, akamwomba aseme jina na namba. Docteur akasema. Néhémie akashuka akiyarudia maneno yale njia nzima asisahau, akapiga magoti, akamwambia ng'ombe jina, mwaka na quatre cent dix-huit, bila kukosea hata neno.

Ndama hakusogea. Haikuwa sauti yenyewe.

Godelive akaingiza mkono. Ndama akaviona vidole vyake, akaanza kunyonya.

"Sikia," akamwambia, mdomo karibu na mkia wa ng'ombe. "Docteur hayuko. Iko miye tu. Miye naitwa Godelive. Sina numéro. Nimezalisha mama yako, na mama ya mama yako. Kuja."

Ndama aliacha kunyonya akasikiliza. Ilikuwa wazi kwamba anafikiri. Kisha akaanza kunyonya tena, taratibu, lakini miguu aliikunja chini ya tumbo. Godelive alipofunga kamba na kuvuta, ndama alivuta kuelekea ndani kwa nguvu zaidi. Karibu na saa sita ng'ombe alinyoosha shingo akafa. Ndama alivinyonya vile vidole muda kidogo zaidi, halafu akaacha.

Néhémie aliketi juu ya jiwe. "Ni nani mwenye kosa?" akauliza, si kwa hasira. Alitaka kujua tu.

"Sijue, ndugu yangu," Godelive akasema. "Nimetafuta, sijue."

Siku ya pili alimpigia Docteur Hubert akamweleza.

"Ningekuja," Docteur akasema.

"Najua."

"Mama, ile fomu ya kifo. Jina yangu usiandike. Miye sikukuwa pale. Sauti yangu haikufika."

Ilikuwa kweli, na Godelive hakuona la kubishia. Aliandika jina la Néhémie kwenye mstari wa mwenye ng'ombe. Kwenye mstari wa mganga aliandika jina lake mwenyewe. Karani wa huduma ya mifugo alipiga muhuri bila kuuliza kitu. Kwa miaka ishirini na mitatu jina la Godelive lilikuwa halijaingia kwenye karatasi ya serikali, na sasa liliingia.

Sheria ilipigiwa kura mwezi wa sita. Kifungu cha tisa kilipita kama kilivyokuwa, isipokuwa koma moja. Chapitre ya tano, ile ya vijiji, ilisogezwa tena, na kuku bado yuko kwenye kamati. Zacharie alituma ujumbe wa kuwapongeza wafugaji wa Ituri.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na ng'ombe watatu Nyakasanza. Godelive alikunja mkono wa kuume wa blauzi mpaka begani, akapiga magoti nyuma ya wa kwanza, akaishika simu kwa mkono wa kushoto, akangoja Kinshasa ipokee.