Laptop Iliyoogeshwa Mabatini

Kokulinda alikuwa akihariri video za harusi katika chumba kimoja Mabatini, nyuma ya duka la vitenge. Laptop yake ilikuwa na miaka minane na ilienda pole pole. Harusi zilipozidi, aliingia kwenye mipangilio yake ya ndani akaiongezea prosesa kasi kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikakimbia kweli. Lakini pia ikachemka, na kila ilipofika nyuzi tisini na nane ilijizima yenyewe.

Video ya harusi ya binti wa Mzee Rwehumbiza ilizimika nayo mara nne, zote bibi harusi akiwa amemnyooshea mumewe kipande cha keki.

"Huyu bwana atakula lini?" aliuliza Mzee Rwehumbiza. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na alikuja kila siku kukagua. Wakwe zake walikuwa wanakuja kutoka Bukoba Jumamosi kuitazama video, naye alishawaambia iko tayari.

Ijumaa Kokulinda akamwita jirani yake Ojwang, fundi wa friji. Ojwang aliifungua laptop, akatoa vumbi lililojaa kwenye feni kama sufi ya mto, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Wakaiwasha: nyuzi tisini na tatu.

"Dada, irudishe tu kasi yake ya zamani."

"Nikiirudisha, kesho haimalizi."

 Ojwang akaenda kwake, akarudi na kipande cha bomba la shaba alichokata kwenye friji bovu, mpira mwembamba, na pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo. Akakata mfuniko wa chini wa laptop kwa msumeno, Kokulinda akiwa amegeukia ukutani asione. Akalibana bomba juu ya prosesa, akaliunganisha na mpira, ncha zote mbili zikaingia kwenye beseni la maji sakafuni, pampu ikiyazungusha.

Wakaiwasha. Sitini na moja! Kokulinda alipiga kigelegele hadi muuza vitenge akaja kuuliza nani kaolewa.

Jumamosi asubuhi kazi ilianza vizuri. Saa sita Mzee Rwehumbiza akaingia, amevaa suti, viatu vipya vikimbana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inaendaje?"

"Imefika nusu. Bwana harusi ameshakula keki."

"Mungu mkubwa!" Akaketi. Mguuni pake akaona beseni. Akachovya kidole, akakuta maji ya uvuguvugu. Kokulinda alipogeuka, mzee alikuwa amevua viatu na soksi, suruali ameikunja, miguu yote miwili ndani, macho ameyafumba.

"Mwanangu, huduma yako hii hata Bukoba hatuna."

 Mtu mzima huwezi kumwambia atoe miguu yake kwenye kompyuta. Kokulinda akatazama nyuzi: sitini na nne. Akaendelea na kazi.

Dakika kumi baadaye soksi moja ambayo mzee alikuwa ameiweka gotini iliteleza ikatumbukia majini. Pampu ikaivuta, ikakoroma, ikanyamaza. Sabini na tano. Themanini na mbili.

"Ojwang!"

Ojwang alikuja mbio, akaichomoa soksi. "Pampu imeungua," alisema.

"Tuizime?" aliuliza mzee.

"Tukiizima tunaanza upya!" alisema Kokulinda.

Wakati huo huo simu ya mzee ikaita. Wakwe walikuwa wameshavuka ziwa pale Busisi, wamekaribia. Mzee akawaelekeza waje pale pale, kwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote. Ojwang akachomeka faneli juu ya mpira na kuuinua. "Mmoja achukue jagi, amimine maji hapa, asiache." Mzee Rwehumbiza alikuwa karibu na jagi kuliko wote.

Akamimina. Nyuzi zikashuka. Akipumzika kidogo tu, zinapanda. Saa nane kasoro, wakwe wanne waliingia, wanaume kwa kanzu na wanawake kwa magauni ya busuti, wakamkuta mkwe wao pekupeku, suruali imekunjwa hadi magotini, jasho likimtoka, anamimina maji.

Mama Immaculata, mama wa bwana harusi, alisimama mlangoni. "Mkwe, unafanya nini?"

"Naiogesha kompyuta," alijibu mzee, bila kuacha kumimina.

Hakuna aliyethubutu kucheka mbele ya mkwe. Wanaume wakakohoa, wakakagua dari. Kisha Mama Immaculata akalegea, akacheka hadi akaushika mlango, na wote wakamfuata, na mzee mwenyewe akacheka hadi maji yakamwagikia suti.

"Lete," alisema Mama Immaculata, akijifunga khanga kiunoni. "Harusi ni ya wote."

Walipokezana jagi kwa dakika arobaini. Video ilipokamilika, Kokulinda akainakili haraka kwenye flashi, na laptop ikajizima kabla hajaizima mwenyewe. Wakaenda wote kwa Mzee Rwehumbiza, Ojwang naye wakamvuta mkono, wakaitazama mwanzo hadi mwisho kwenye televisheni.

Jumatatu Kokulinda aliirudisha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani, na wateja akawaambia video zitachukua wiki mbili.