Mikanda ya Unyoya

Mimi sipendi wanaume wanaowachagulia wake zao vitu huku wake wenyewe wamesimama palepale. Awe anamchagulia viatu, awe anamchagulia sufuria, nitamkodolea macho mpaka ajione mjinga. Sasa fikiria mtu anayemchagulia mkewe parachuti.

Kipanga aliingia dukani kwangu, ninapouza vyombo vya kurukia, mchana, mkewe nyuma yake. Kwenye uwanja wetu wa kurukia kila mtu ana jina la utani alilopewa na wenzake, lakini la kwake alijipa mwenyewe, na hapo umeshajua ni mtu wa namna gani. Ameruka miaka mingi. Hutua kwa mbwembwe, vumbi juu, akisubiri makofi. Mkewe tulimwita Unyoya, maana tangu akiwa mwanafunzi alikuwa akishuka taratibu na kusimama kwa miguu miwili kama mtu anayetoka kitandani. Wiki ileile aliyopata leseni ya kuruka, mumewe alitua kwa matako mbele ya kadamnasi, na watani hawakumsaza. "Kipanga kashindwa na unyoya!" walimwimbia hata kwenye foleni ya ndege. Yeye alicheka nao. Nilimwona akicheka, na nilimwona pia alivyomtazama mkewe kicheko kilipokwisha.

"Shikamoo, Mama Mikanda," Unyoya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hongera ya leseni. Umekuja kuchagua vyombo vyako?"

"Amekuja kupimwa mikanda tu," Kipanga alidakia. "Parachuti nimeshamchagulia. Lile langu la zamani, jekundu."

Nililijua. Lilikuwa dogo, na parachuti likiwa dogo hukimbia. Ukilivuta upande mmoja karibu na ardhi linakubamiza chini kabla hujaita mama yako. Mwenye leseni mpya hupewa pana, lenye subira, linalomsamehe akikosea. Hilo jekundu halijawahi kumsamehe mtu.

"Halimfai," nikasema. "Ni dogo mno kwake. Halafu mkoba unaolibeba hauna kile kifaa kinachofungua chenyewe mwavuli wa akiba, lile parachuti la pili, mtu akizimia angani."

"Ana mikono."

"Na akizimia?"

"Asizimie." Akacheka. "Mama, huyu siku hizi kichwa kimemvimba. Kesho asubuhi anapanda nalo. Mwache aanguke kidogo, avunjike kidogo, atatulia nyumbani."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Unyoya alikuwa anaangalia sakafu. Ulimi uliniwasha nimfukuze. Lakini ningemfukuza yeye, angeondoka na mkewe, na kesho asubuhi binti wa watu angepanda ndege na kile kitambaa chekundu mgongoni.

"Haya," nikasema. "Nitampima kwa mkoba wangu mmoja mpya, nipate vipimo vyake."

Niliuchagua mkoba wenye parachuti pana, kifaa ndani, mwavuli wa akiba umeshafungwa. Nilikuwa na matumaini kwamba akishaonja kitu kinachomkaa, hata ulimi wake utafunguka. Wakati mwingine mtu huanza kukataa kwa mgongo kabla ya mdomo.

Mikanda haipimwi kwa macho. Unamvalisha mtu, unambana mapajani na kifuani, halafu unamning'iniza darini kwa kulabu mbili, kwa zile kamba pana za mabegani ambazo angani zingeshikwa na parachuti lenyewe. Chini natandika godoro. Akining'inia hapo mwili unasema kweli. Mkanda mkubwa mno utampanda shingoni, mdogo mno utamkata damu ya miguu. Kisha namwita kama ninavyowaita wote, "Limesokotana!", naye afanye lile zoezi la dharura bila kuvuta kweli: tazama vishikio, shika, vuta. Kishikio chekundu kinaachia parachuti lililoharibika. Cha fedha kinatoa mwavuli wa akiba.

Hatukufika huko. Nilimpandisha, miguu ikawa usawa wa tumbo langu, nikavuta mkanda wa kifuani. Unyoya akatoa mlio ambao sijausikia hata kwa waliovunjika uwanjani.

Nikalegeza haraka. Shati lilikuwa limepanda. Ubavu wake ulikuwa wa zambarau kuanzia kwapani hadi kiunoni, na pale katikati, nilipogusa kidogo tu, mfupa ulicheza chini ya kidole changu.

"Umeumia wapi, mwanangu?"

"Nilianguka bafuni."

"Bafu gani lina vidole?" Maana vilikuwepo juu ya mkono wake, vyote, vimejichora vizuri.

Kipanga akasogea. "Ya nyumbani kwangu hayakuhusu."

"Ya nyumbani kwako hayanihusu. Yanayoning'inia darini kwangu yananihusu. Toka."

Kofi lilinikuta nikiwa bado na neno mdomoni. Niliangukia rafu ya helmeti, zikanimwagikia zote, na jino langu la mbele likanichana mdomo. Nilisikia ladha ya damu. Nikashika helmeti iliyokuwa karibu nikamtupia, ikampata sikioni. Akanijia, akanipiga teke la tumbo, nikajikunja chini nikitafuta pumzi na kuikosa. Mimi ni mkubwa kuliko mama yake mzazi, na alinipiga teke kama mtu anayesogeza gunia.

Halafu akamgeukia mkewe. Akapanda juu ya godoro, akamkamata miguu yote miwili, akaanza kumvuta chini.

"Shuka! Twende nyumbani! Leo utaona kilichomtoa kanga manyoya!"

Kila alipovuta, mikanda ilimbana Unyoya mbavuni, naye akapiga kelele. Akavuta tena. Dari ikalia. Alikuwa anavuta kwa raha, niliiona raha ile usoni mwake, alikuwa amegundua kwamba akivuta hivi mkewe anaumia zaidi, na vile kidogo. Pale nilipolala nilijua kitu kimoja: binti huyu akitoka na huyu mtu kwenye ule mlango, hataifikia hata hiyo kesho ya parachuti jekundu.

Sikuwa na nguvu za kusimama. Nilikuwa na koo tu.

"Unyoya!" nikapaza sauti. "Limesokotana!"

Kilio kikakatika. Uso wake ukabadilika, ukawa ule uso wa uwanjani, mtulivu, wa mwanafunzi aliyefanya zoezi lake mpaka mikono ikakariri. Kidevu kikashuka kifuani. Akatazama. Akashika. Akavuta chekundu.

Zile kamba za mabegani zikachomoka mikandani, zikabaki zikining'inia kwenye kulabu. Aliporomoka na uzito wake wote na wa mkoba juu yake, magoti mbele, na Kipanga aliyekuwa anamvuta kwa nguvu zote akajivutia mwenyewe. Goti moja lilimpata chini ya shingo. Mtulinga wake ulivunjika kwa mlio mkavu uliosikika hadi mlangoni. Wakaanguka pamoja, yeye chini.

Na kwa kuwa mkono uliofundishwa hauishii njiani, Unyoya akavuta na cha fedha. Kimwavuli kidogo chenye springi, kinachotangulia kuuvuta ule wa akiba, kikachomoka mgongoni mwake kikapiga taa ya darini, vioo vikanyesha, na kitambaa cheupe cha akiba kikamfunika Kipanga usoni. Alikuwa analia. Yeye, aliyesema mtu avunjike kidogo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Unyoya hakusimama. Alipapasa sakafuni, akapata helmeti, akampiga nayo pale kitambaa kilipokuwa na umbo la pua. Kitambaa kikaota doa. Akampiga tena. Doa likatambaa. Alipiga tu kama anayetwanga, na kila pigo lilimuumiza yeye pia, maana alikuwa anashika ubavu kwa mkono wa pili. Kipanga alirusha mkono mmoja mzima, akamshika nywele, naye akaung'ata mkono ule mpaka ukaachia.

Nilitambaa mpaka kwake nikamkumbatia kwa nyuma.

"Inatosha, mwanangu. Ukimuua utarukia wapi, ua wa jela?"

Sijui kama ni mzaha ule au ni uchovu, lakini helmeti ilimtoka mkononi.

Seremala wa jirani aliingia akiwa na nyundo, akatazama damu, vioo, kitambaa, na mimi na mdomo wangu uliofura. "Nani nimpige?" akauliza.

"Umechelewa," nikamwambia. "Piga simu. Polisi, halafu gari la wagonjwa. Kwa mpangilio huo."

Kipanga alijifunua uso. Pua ilikuwa imeenda upande. Bado alimtafuta mkewe kwa jicho moja, na sauti aliyotoa ilikuwa laini, ile ambayo nadhani humtolea baada ya kila kipigo.

"Mke wangu. Nisaidie kusimama. Twende nyumbani, tuyamalize."

Seremala aliteremsha nyundo. Nimewaona wengi wakiitika sauti ya namna ile, na sikuwa na zoezi la kumkumbusha dhidi yake. Unyoya akajifuta mdomo damu ya yule mtu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, hizo kulabu bado ni nzima?"

"Nzima."

"Nipandishe tena. Mkanda wa kifua uuache wazi, nipime wa miguu."

"Mbavu hizi haziruki kesho, mwanangu. Wala mwezi ujao."

"Najua," akasema, na akaanza kukusanya kitambaa cheupe kutoka juu ya mumewe, taratibu, bila kumgusa. "Lakini mkoba huu ninauchukua."